Korongo wa Ukutani

Kosa letu lilikuwa kumchora amesimama.

Nasema letu kwa sababu mimi, Tsveta, ndiye mwenye funguo za nyumba ya kusomea ya kijiji cha Papurovo. Ngazi ni yangu, chokaa ilikuwa yangu, na ule ukuta wa upande wa barabara niliwapa watoto kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeishi hapa miaka sitini na mmoja. Sina pa kujificha.

Darasa langu la kuchora lina watoto saba, na anayewaburura wenzake ni Zornitsa, msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, mbishi, mwenye rangi kwenye nywele kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Mwezi wa Novemba mafundi wa umeme walipita kubadilisha nyaya, wakakiangusha kiota cha korongo kilichokuwa juu ya nguzo mbele ya nyumba ya Bibi Stamena. Kiota kizima, kikubwa kuliko meza yangu ya jikoni, kikaishia mtaroni. Tangu siku ile Zornitsa hakutulia. Korongo wale wawili hurudi kila mwaka karibu na sikukuu ya Blagovets, tarehe ishirini na tano Machi, baada ya wiki na wiki angani kutoka Afrika, na hurudi kwenye nguzo ileile. Wasipokuta kiota wataanza kurundika vijiti juu ya nyaya tupu. Mwaka juzi korongo wa kijiji cha jirani walifanya hivyo, na kinda mmoja akaungua mchana kweupe watu wakitazama. Zornitsa alikuwa mmoja wa waliotazama.

Mafundi hawakuwa watu wabaya. Walisema wako tayari kufunga kikapu cha chuma juu ya nguzo ili kiota kikae mbali na nyaya, mradi wapate barua ya kijiji yenye muhuri wa meya kufikia tarehe ishirini Machi. Na meya wetu, Mzee Valcho, muhuri anao. Anauhifadhi kwenye pakiti ya biskuti. Lakini pia ana gari jekundu, na kivuli anachopenda kuegeshea ni kile cha chini ya nguzo ile, na korongo wanapokunya hawachagui.

"Nileteeni saini ya kila nyumba inayotoa moshi," aliwaambia watoto. "Ikikosekana moja, sigongi muhuri. Sitaki mtu aje kuninunia wakati wa uchaguzi."

Nyumba zinazotoa moshi Papurovo ni sitini na tatu. Valcho alijua anachofanya. Watu wetu hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya kuchinja nguruwe.

Ndipo Zornitsa akaja na wazo la picha. "Shangazi Tsveta, watu wakimwona kila siku watamwonea huruma, na wakimwonea huruma watatia saini."

Nilimwamini. Siku mbili walipanda na kushuka ngazi, na tarehe tisa Machi jioni korongo alikuwa pale ukutani, mrefu kuliko mlango, mweupe, ncha za mabawa nyeusi, mdomo mwekundu. Alisimama kwa mguu mmoja, anaitazama barabara kama mgeni aliyefika akakuta mlango umefungwa. Chini yake waliandika: KIOTA CHANGU KIKO WAPI? Nilipiga picha. Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema.

Na sisi sote wanane, tukishangilia pale chini ya ngazi, tulikuwa na martenitsa mikononi, ule uzi mwekundu na mweupe, na hakuna hata mmoja aliyeutazama mkono wake.

Sasa, uzi huu tunauvaa tarehe mosi Machi, na hauvuliwi mpaka umwone korongo wa kwanza wa mwaka, ndipo unaufunga kwenye tawi la mti. Ukimwona anaruka, mwaka wako ni mwepesi, utasafiri, utafanikiwa. Ukimwona amesimama, basi na wewe utasimama palepale, miguu mizito, mambo yamelala, mpaka Machi nyingine. Watu wazima hapa hutembea wiki tatu wakikwepa kutazama mapaa ya nyumba. Na sisi tukawawekea amesimama, urefu wa mita nne, njia ya kwenda dukani.

Saa moja asubuhi simu yangu ilikuwa inawaka moto.

Nilipofika, nusu ya kijiji ilikuwa barabarani. Gencho mwenye duka alikuwa wa kwanza kunivaa.

"Tsveta, nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi kwa nini umeniharibia mwaka? Mimi Mei naenda kuoza binti Plovdiv! Nitafikaje? Nimekwisha!"

"Ni rangi ile, Gencho. Ni rangi na chokaa."

"Macho yangu yanajuaje kama ni rangi? Yenyewe yameona korongo!"

Wengine wakadakia. Mmoja alisema goti lake limeanza kuuma papo hapo. Mwingine alisema mkewe amerudi kitandani, ameapa hainuki mpaka mwakani. Mzee Valcho akafika na gari lake jekundu, akatazama ukuta, akatazama uzi wake, akapiga kite kama ng'ombe.

"Futeni!" alisema. "Leo hii! Chokaa juu yake!"

Zornitsa alikuwa tayari ameshapanda ngazi, mgongo kwenye ukuta, mikono ameitanua.

"Nani amevua uzi wake?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyevua.

"Basi hamjakubali kwamba mmemwona. Na mnajuaje kama amesimama? Mimi mchoraji sijamaliza. Alikuwa anajinyoosha tu. Mmemkuta kabla hajaruka."

"Ataruka lini?" aliuliza Gencho, na nakuhakikishia aliuliza kwa dhati kabisa.

Nilimwona msichana yule anafikiri. Nilimwona kabisa, macho yalimwenda kulia, yakamwenda kushoto, halafu akatabasamu tabasamu ambalo angekuwa mwanangu ningelihofia.

"Anahitaji manyoya," alisema. "Nyumba moja, unyoya mmoja. Atakayetia saini kwenye barua ya kikapu, tutamchorea unyoya wake kwenye bawa, na jina lake juu. Manyoya sitini na matatu yakitimia, anaruka. Tukimfuta leo, mtabaki mmemwona amesimama maisha yenu yote."

Gencho akasema, "Kalamu iko wapi?"

Wiki ile sitaisahau. Sijawahi kuona watu wakigombania manyoya. Gencho alitaka wake uwe mkubwa kuliko ya wengine kwa sababu ana duka. Mama mmoja alikataa kukaa jirani na shemeji yake hata ukutani, tukampeleka bawa la pili. Wazee wawili walikuja na kiti kusimamia kazi, wakagundua kwamba korongo ameelekezwa kijiji cha jirani. "Yaani bahati yetu inaruka kwenda kwao?" Ikabidi shingo ichorwe upya imetazama kwetu. Mzee Valcho mwenyewe alitia saini akinong'ona, akaomba unyoya wa katikati, mahali pa heshima.

Tatizo lilikuwa miguu. Korongo akiruka hunyoosha miguu yote miwili nyuma, na huyu alikuwa na mguu mmoja chini. Tuliupiga chokaa. Mvua ikanyesha, mguu ukarudi. Tukaupiga tena, ukarudi tena, na kwa siku mbili Papurovo ikawa na korongo mwenye miguu mitatu. Kaloyan, mvulana wa miaka kumi na mitano anayeweza kufanya mzaha hata mazishini, aliomba tumwache hivyo. "Atakuwa na mguu wa akiba," alisema. Mwishowe yeye huyohuyo ndiye aliyepata dawa: aliunenepesha ule mguu, akaupaka kijivu, akauwekea nyaya na kikapu cha chuma juu. Mguu ukawa nguzo ya umeme.

Mtu mmoja tu hakuwa ameutazama ukuta ule. Bibi Stamena, miaka themanini na mbili, alisikia kelele za siku ya kwanza akiwa bado uani kwake, akavuta aproni akajifunika uso, na hakuifunua tena kila alipopita pale. Kwenda dukani lazima apite. Kwa hiyo kila asubuhi alisimama kwenye kona, aproni kichwani, anaita, "Nani yupo?" na Zornitsa, ambaye shule yao huanza saa mbili na nusu, humshika mkono na kumpitisha.

"Nimeshapita?"

"Bado, Bibi. Kuna dimbwi. Inua mguu."

"Sasa?"

"Sasa umepita."

Ndipo anafunua aproni, anamtazama Zornitsa, anamwambia amekonda, na anampa kokwa mbili tatu za jozi kutoka mfukoni. Zornitsa hakumdanganya hata siku moja. Kaloyan alimwambia, "We mvue tu ile aproni! Akimwona amesimama, atatia saini kama wengine." Zornitsa alimpaka rangi nyekundu puani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tarehe kumi na nane tulikuwa na manyoya sitini na mawili. Ulibaki wa Bibi Stamena. Nilioka banitsa, nikaifunga kwenye taulo ikiwa bado inatoa mvuke na jibini linavuja pembeni, nikaenda kwake. Nilidhani ni kazi ya robo saa.

Alikula kipande kizima. Kisha akafuta vidole.

"Mimi sitii saini, Tsveta."

"Kwa nini? Nguzo iko mlangoni kwako! Hao korongo ni kama wa kwako!"

"Ndiyo sababu." Akatazama dirishani. "Ni mimi niliyewaambia mafundi wakiangushe. Niliwapa pombe ya rakia na kuku wa kuoka. Nikawaambia kitaniangukia paa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alirudia.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Kila Machi naamka, nafungua pazia, na huyo hapo, amesimama, ananitazama. Mwanangu Petko ananiita niende kwake Valensia miaka kumi na mmoja. Chumba ameshaniwekea, kila mwaka ananiambia mama njoo. Wajukuu siwajui harufu zao. Ningeendaje?"

"Ungepanda ndege ukaenda!"

"Na korongo nimemwona amesimama?" Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. "Nife njiani?"

Mimi nina hasira, kila mtu anajua. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kuhusu kinda aliyeungua, nilimwambia kwamba kuna mtoto anayemshika mkono kila asubuhi huku yeye ndiye aliyemwangushia kiota. Alianza kulia, nami nikatoka, na geti lake nililibamiza hadi mbuzi akapiga kelele. Njiani na mimi nililia. Mwanamke yule alinifundisha kufuma. Miaka kumi na mmoja ya kufungua pazia, na sote tulipita mbele ya nyumba ile bila kujua.

Nilimwambia Zornitsa, kwa sababu kumficha kungekuwa kubaya zaidi. Brashi ilimtoka mkononi ikaingia ndooni.

"Yeye?" alisema. "Yeye mwenyewe?"

Akaenda kukaa nyuma ya jengo, kwenye kuni. Hatukumfuata.

Kesho yake ilikuwa tarehe kumi na tisa. Barua ilitakiwa kufika mjini siku inayofuata. Asubuhi Bibi Stamena alisimama kwenye kona, aproni kichwani, lakini safari hii hakuita. Nadhani alijua. Alianza kuja peke yake, mkono mmoja ukipapasa uzio, kiatu kikienda moja kwa moja kwenye dimbwi.

Zornitsa alishuka kwenye ngazi. Nilimwona uso wake ulivyokaza. Akaenda akamshika mkono.

"Inua mguu, Bibi."

Wakatembea polepole. Kufika mbele ya ukuta, Zornitsa akasimama.

"Nimeshapita?"

"Hujapita. Uko mbele yake."

Bibi Stamena akaishika aproni kwa mikono miwili. "Usinifanyie hivyo, mwanangu."

"Sikugusi. Macho ni yako. Nakwambia tu kwamba anaruka."

"Alikuwa amesimama. Kijiji kizima kimesema."

"Alikuwa. Sasa anaruka."

"Mguu je?"

"Yote miwili iko nyuma."

"Kaloyan!" aliita bibi kutoka ndani ya aproni. "Wewe ni mwongo lakini sauti yako naijua ukidanganya. Anaruka?"

"Anaruka, Bibi," alisema Kaloyan kutoka juu ya ngazi, bila mzaha hata kidogo. "Ule mguu wa zamani sasa ni nguzo."

Gencho alikuwa ametoka dukani, na wazee wawili na kiti chao. Aproni ikashuka kidogo, jicho moja likatokea, la kushoto. Kisha la pili.

Alitazama muda mrefu. Mabawa yalikuwa yamejaa ukuta mzima, kutoka dirisha hadi dirisha, na manyoya meusi, kila unyoya na jina jeupe. Alianza kuyasoma kwa sauti, majina ya watu aliowajua tangu wakiwa wanatambaa. Alipofika mwisho wa bawa la kulia, chini kabisa, akaonyesha kwa kidole.

"Huu hauna jina."

"Ni wako," alisema Zornitsa. "Ukitaka."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umemwona anaruka hivyohivyo. Hilo hatuwezi kukunyang'anya."

Bibi Stamena akamgeukia. "Unajua nilichofanya?"

"Najua. Shangazi Tsveta aliniambia jana."

"Na leo umenishika mkono."

"Ungeanguka, Bibi."

Nilitazama pembeni. Gencho naye alitazama pembeni, akajidai anahesabu mikate kwenye kreti. Nilipogeuka, bibi yule alikuwa ananyoosha mkono.

"Nipe hiyo brashi. Na barua ileteni, kabla sijaghairi. Lakini mwakani je? Mwakani atakuja tena kusimama dirishani kwangu."

"Mwakani huyu wa ukutani hafutwi," alisema Zornitsa. "Tarehe mosi Machi unavaa uzi, unakuja hapa, unamwona anaruka. Umemaliza. Wa kwenye nguzo atakuwa wa pili."

Wale wazee wawili walitazamana. Gencho aliweka mikate chini. Ungewaona kabisa wanapiga hesabu: kijiji kizima, kila mwaka, korongo wa kwanza anaruka. Kijiji cha jirani wajinyonge.

Mzee Valcho aligonga muhuri saa nne asubuhi, juu ya boneti ya gari lake, akilalamika. Mafundi walikuja tarehe ishirini na nne. Walikuwa walewale wa Novemba, na mkubwa wao alipomwona Bibi Stamena amesimama getini alishangaa.

"Bibi, si wewe uliyesema tukitoe?"

"Nyamaza, kula," alisema, akamtilia banitsa mkononi.

Watoto walisokota vijiti vichache ndani ya kikapu cha chuma, ili mgeni aanzie mahali. Kisha tukangoja. Blagovets ikapita, mbingu tupu. Zornitsa hakula. Tarehe ishirini na sita nikamwambia arudi nyumbani akapumzike, akanijibu vibaya, nikamwacha.

Tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi, nilikuwa jikoni kwa Bibi Stamena. Tulikuwa tunasaka cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu kesho yake nilikuwa nimpeleke mjini kupigwa picha ya pasipoti. Uzi wake mwekundu na mweupe ulikuwa umeshafungwa kwenye tawi la mplamu uani tangu tarehe kumi na tisa. Nje nikamsikia Zornitsa anapiga ukelele mmoja tu.

Bibi akafungua pazia.

Pale juu, kwenye kikapu, mwembamba na mchafu wa safari, alikuwa amesimama. Mguu mmoja. Alimtazama bibi, akatupa kichwa nyuma, akagonga mdomo wake tak-tak-tak-tak mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Chini ya nguzo Zornitsa alikuwa ameketi barabarani, palepale kwenye tope, anacheka na kufuta machozi kwa mkono wenye rangi.

Bibi Stamena alifungua dirisha, akaegemeza viwiko vyake viwili.

"Simama," alimwambia. "Simama utakavyo, karibu nyumbani. Mimi nasafiri."